Nta ipi kwa mshumaa wa harufu? Miezi mitano ya kuchafua jiko langu Uyole

Wenye haraka wachukue jibu lao waende: kama unamimina mishumaa ya harufu kwenye glasi na unaishi huku kwetu Mbeya kwenye baridi, nunua nta ya soya uichanganye na nta ya parafini, soya sehemu sita kwa parafini sehemu nne. Nta ya nyuki iache na harufu yake, usiiongezee kitu. Ile mishumaa myeupe ya dukani tunayowasha umeme ukikatika, usiiyeyushe kabisa. Wenye muda wavute kigoda, maana kila neno hapo juu limenigharimu sufuria.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Uyole, upande ule wa barabara inayoshuka Tukuyu. Mishumaa niliianza kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu. Kamati ilitaka kitu kidogo cha kuweka kila meza, mpambaji akataja bei yake, shangazi akashika kiuno. Nikajitolea. Nilikuwa nimeona video mbili tatu kwenye simu: mtu anayeyusha, anamimina, anaweka ua kavu juu, kwisha kazi. Nikanunua pakiti za mishumaa ya kawaida pale Mwanjelwa, nikaivunjavunja kwenye sufuria, nikachomoa tambi zake, nikamiminia nusu chupa ya pafyumu yangu ya mwilini.

Pafyumu ina spiriti. Ilitoa povu, mvuke ukajaa jikoni, na kama moto ungekuwa umeupata ule mvuke leo ningekuwa naandika habari nyingine. Kilichobaki kikazama chini ya nta kama machozi, hakikuchanganyika hata kidogo. Usiku wa sendofu glasi ishirini ziliwashwa, na zote ishirini zikachimba kisima. Utambi ulishuka chini taratibu ukiacha kuta za nta nene zimesimama pembeni, mpaka moto ukazama kwenye nta yake wenyewe. Kufika wakati wa keki zilikuwa zinawaka mbili, ya meza ya wazazi na nyingine ambayo mtoto wa mtu alikuwa anaichokoa kwa kijiti.

Sasa najua kwa nini. Mshumaa wa dukani umetengenezwa usimame wenyewe bila chombo, kwa hiyo nta yake ni ngumu, mara nyingi imetiwa stearini ili isipinde wala kuchuruzika ovyo. Utambi wake umepimwa kwa mshumaa mwembamba. Ukiuweka katikati ya glasi yenye upana wa sentimita 7, joto lake halifiki ukutani. Ukiongeza na ukumbi wa Mbeya usiku, milango imeachwa wazi, ndiyo basi tena.

Mwezi wa tatu nikaanza upya, safari hii na kaunta buku. Nilinunua mizani ya jikoni ya kidijitali, tambi za pamba zilizokwishapakwa nta na kufungwa kibati chini, na kipimajoto cha kuchomeka. Kipimajoto nikakijaribu kwenye maji yanayochemka, kama tulivyofundishwa shuleni. Maji yanatokota, mvuke unapanda, kipimajoto kinasema 94. Nikangoja. 94. Nikakipangusa, nikakirudisha. 94. Kesho yake nikakipeleka dukani nimevimba, muuzaji akaniambia bidhaa ikitoka hairudi. Nikaenda nacho kazini kumlalamikia mwalimu wa fizikia, akacheka mpaka akaweka chaki chini.

“Madam, kipimajoto hakina kosa. Kosa lako ni kukaa Mbeya.”

Tuko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa huku haikandamizi sana kama pwani, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika 100. Ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa mwingi kuliko ya Dar es Salaam, na mimi miaka yote nilikuwa nalaumu maharage.

Kwa mtengeneza mishumaa hilo ni jambo zuri. Nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto. Unaweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Huku kwetu maji yakichemka yanaishia hapo kwenye 94, basi nta ndani haiwezi kuzidi, na sisi tunataka 80 mpaka 85 tu ili harufu ichanganyike vizuri. Ukisahau na kwenda kupokea simu, hakiungui kitu, mradi maji hayajakauka. Na kama siku moja nta itashika moto, funika na mfuniko, zima jiko. Usimwagie maji, utasambaza moto jiko zima.

Mwalimu yule akanipa na somo la pili, ambalo limenisaidia kuliko yote. Yeyusha kipande cha nta, chomeka kipimajoto, zima moto, kaa uangalie namba inashuka. Itashuka, itashuka, halafu kuna mahali itagoma. Itakaa palepale dakika kadhaa huku nta inaanza kuwa na utando, kisha ndipo iendelee kushuka. Pale ilipogoma ndipo inapoganda, na kila nta ina pake. Andika hiyo namba. Itakuja kukuokoa, kama ilivyoniokoa mimi.

Niseme jinsi nilivyopima. Glasi zote aina moja, upana sentimita 7, kila moja gramu 180. Harufu asilimia 8: kwa kilo moja ya nta naweka gramu 80 za mafuta ya harufu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, na hapo napata glasi sita kamili. Utambi nilikuwa nabadilisha kila nta, kwa sababu utambi uliofaa kwa soya ni mdogo kwa nta ya nyuki. Mishumaa niliwasha sebuleni kwangu jioni, milango imefungwa, kila mmoja kwa muda wa saa tatu. Waamuzi walikuwa wageni, si mimi. Ukishinda jikoni na jasmini pua yako inakufa. Lazima umwite mtu kutoka nje asimame mlangoni aseme anasikia nini.

Parafini ndiyo ya kwanza. Hapa watu hunikatiza, “Si ndiyo mafuta ya taa?” Siyo. Zote mbili zinatoka kwenye mafuta ghafi ya petroli, lakini mafuta ya taa ni kimiminika na hii ni nta, vipande vyeupe vinavyoteleza ukivishika na vinapitisha mwanga kidogo kama ukucha. Nililipa shilingi 8,000 kwa kilo. Yangu iligoma kushuka kwenye 57.

Kwa kutoa harufu, parafini haina mpinzani. Dakika ishirini tu baada ya kuwasha, jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni akauliza nani anaolewa. Inashika rangi vizuri, inang'aa, na siku tatu nne baada ya kumimina iko tayari. Shida zake ni mbili. Kwanza inanywea ikiganda: unaacha glasi imejaa, ukirudi katikati pana bonde, na ukitoboa hilo bonde kwa kijiti unakuta pango chini yake. Lazima ubakize nta ya kuongezea mara ya pili. Pili, inaachana na ukuta wa glasi kwa mabaka, unaona kama unyevu umeingia kati ya nta na kioo. Hayo mabaka hayaharibu kuwaka, ni sura tu, lakini mteja anayalipia na macho.

Na masizi? Nimesikia sana kwamba parafini inatia weusi ukutani. Inatia, kama utambi ni mrefu. Niliacha utambi wa soya urefu wa kidole, nao ukatia weusi uleule. Kata utambi ubaki milimita 5 hivi kila kabla ya kuwasha, usiweke mshumaa penye upepo wa dirisha, masizi yatapungua kwa nta yoyote ile.

Sasa soya, na hapa nina kinyongo.

Soya ndiyo nta inayosifiwa kila mahali. Ni ngeni kuliko wengi wanavyodhani. Ilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinachoniuma ni kwamba soya yenyewe ni ya kwetu. Uyole hapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichotoa mbegu za soya zenye jina la Uyole, wakulima wa Mbeya, Iringa na Ruvuma wanailima, watoto wetu wamekuzwa kwa uji wa soya. Lakini nta yake inakuja na meli. Mafuta ya soya peke yake hayagandi. Lazima yapitishiwe haidrojeni kiwandani, kwa joto na shinikizo, ndipo yawe magumu. Mtu mmoja alinishauri nichemshe tu mafuta ya soya kwa muda mrefu. Nilimshukuru kwa adabu.

Nikaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam, jina lake nalimeza. Kilo tano, shilingi 22,000 kila kilo, na nauli ya basi juu yangu. Kifurushi nilikipokea stendi ya Nane Nane saa kumi na moja alfajiri, nimejifunga shuka mbili. Nafungua nyumbani, nakuta bonge gumu, linateleza, linapitisha mwanga kama ukucha. Nikajua ukucha huo nimeuona wapi. Nikayeyusha kipande, nikachomeka kipimajoto changu kilichotukanwa, nikakaa. Soya ya kwenye glasi huwa inaganda chini kabisa, kwenye arobaini na kitu mpaka hamsini na chache. Hii ikagoma kwenye 58. Nikaosha sufuria kwa maji ya moto na sabuni. Nta halisi ya soya inatoka kama mafuta ya kupikia, hii ikang'ang'ania mpaka nikaikwangua.

Nikamtumia picha ya kipimajoto. Akajibu, “Dada, hiyo ni soya ya daraja la juu.” Nikamtumia picha ya sufuria. Tiki mbili za bluu, na mpaka leo ni tiki mbili za bluu. Nimeuziwa parafini kwa bei ya karibu mara tatu.

Soya ya kweli niliipata mwezi uliofuata kwa muuzaji mwingine, ambaye kabla sijalipa nilimwomba video ya kuishika mkononi. Inakuja kama vipande vidogo vyeupe, kama sabuni iliyokwanguliwa, haipitishi mwanga, na ukiisugua kwenye viganja inalainika, inaacha ngozi na mafuta. Iligoma kwenye 48.

Naisifu kwa jambo moja ambalo wasiokaa kwenye baridi hawalijui. Kwa sababu inayeyuka kwa joto dogo, hata sebule yangu ya mwezi wa saba haiwezi kuizuia. Baada ya saa mbili hivi kidimbwi cha nta kilikuwa kimefika ukutani pande zote, hakuna kisima, hakuna ukuta wa kuchokoa. Na inawaka polepole. Ikimwagikia kitambaa, inafulika.

Lakini soya inataka subira, nami sina. Ukiwasha siku ya tatu inanuka nusu. Lazima uiache wiki mbili ndani ya kabati, imefunikwa, harufu ishikane na nta. Nilikuwa nimeshaiandikia “haifai” kwenye kaunta buku, nikalazimika kufuta. Hata baada ya wiki mbili harufu yake ni ya upole. Mgeni anaisikia akishakaa, siyo akiwa mlangoni.

Na baridi yetu inaichezea usoni. Glasi za kwanza nilimimina saa tatu usiku, mwezi wa sita, nikaziacha mezani. Asubuhi zilikuwa zimeota ukungu mweupe juu na pembeni, maua maua kama umande ulioganda kwenye majani kule Makete. Moja ilipasuka palepale nilipomimina: nta ya moto, glasi ya baridi kama jiwe la mtoni. Ule ukungu si uchafu, ni tabia ya soya ikiganda haraka au joto likipandapanda na kushuka. Ndipo nikagundua kazi mpya ya boksi. Nazitandaza glasi kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kumimina, nazikausha vizuri maana tone moja la maji ndani ya nta litakuletea cheche, namimina nta ikiwa kama 60, halafu naziingiza kwenye boksi la katoni, nafunika blanketi, sifunui mpaka kesho. Mume wangu alirudi usiku akaniuliza ni vifaranga au ni maandazi.

Nta ya nyuki nilikuwa nimeiwekea matumaini makubwa, kwa sababu ndiyo ya kwetu kabisa. Mzee mmoja anayeleta asali kutoka Chunya aliniuzia shilingi 12,000 kwa kilo, mabonge ya rangi ya kahawia yenye miguu ya nyuki ndani. Unaisafisha kwa kuiyeyusha pamoja na maji, unaichuja kwa kitambaa, unaiacha igande juu ya maji, kisha unakwangua uchafu uliotulia chini ya bonge. Nilifanya mara tatu. Tumia sufuria ya alumini. Chuma kinaitia weusi. Usiizidishe joto la 85, inabadilika rangi. Ya mzee iligoma kwenye 63, na hapo nilimheshimu, kwa sababu nta ya nyuki halisi huwa kati ya 62 na 64, na waongo huichanganya na nta ya bei rahisi ikashuka. Nilimwambia matokeo. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wake ana miguu minne.

Inasemwa nyuki hula kilo sita mpaka nane za asali ili watoe kilo moja ya nta. Ukishalijua hilo huwezi kuimwaga ovyo. Moto wake ni wa dhahabu, umetulia, unakaa muda mrefu kuliko wote niliowasha. Chumba kinapata harufu ya asali na moshi wa mbali wa porini.

Tatizo ni kuiongezea harufu. Niliitia jasmini asilimia 8, ikatoka kitu kama manukato yaliyomwagikiwa asali kwenye mkoba. Nikaitia mchaichai, asali ikaumeza wote. Nta ya nyuki ina harufu yake na haitaki mwenza. Tena inataka utambi mnene. Ule uliotosha soya ulichimba kisima kilekile cha sendofu. Kwenye glasi ilinyauka ikapasuka mstari katikati. Sasa naimwaga kwenye vikombe vidogo vya bati na kwenye kalibu za mishumaa ya kusimama, bila harufu, na hiyo inanunuliwa na watu wa kanisani. Wakatoliki watakumbuka usiku wa Jumamosi Kuu, Mbiu ya Pasaka inapoimbwa mbele ya mshumaa mkubwa, nyuki wanatajwa mle ndani kwa kazi yao.

Kwa hiyo mchanganyiko. Nilijaribu nusu kwa nusu, nikajaribu saba kwa tatu, nikatulia kwenye sita kwa nne. Gramu 600 za soya, gramu 400 za parafini, gramu 80 za harufu. Parafini inatoa harufu mpaka mlangoni na inapunguza ule ukungu. Soya inazuia bonde lisiwe kubwa na inasaidia kidimbwi kifike ukutani hata kukiwa na baridi. Wiki moja kabatini inatosha. Kwa bei nilizolipa mimi, nta ya glasi moja inatoka kama shilingi 2,700. Ya soya tupu ingekuwa 3,600 na ushee, ya parafini tupu 1,300 hivi. Harufu ndiyo inayokula hela kuliko nta, hilo hawakuambii kwenye video.

Usijaribu kukwepa gharama hiyo kama mimi. Nilitia kahawa ya Mbozi iliyosagwa, nikidhani itanukia. Iliziba utambi, ikazima. Nilichemsha mchaichai wa uani nikatia maji yake. Nta na maji viligombana, nikarukiwa mkononi. Majani na mbegu wekeni kwenye chai.

Kuna kosa moja la mchanganyiko wangu na nitalisema. Dada mwenye saluni Kyela aliagiza glasi kumi na mbili. Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, chini yetu kwa zaidi ya mita elfu moja, na joto lake ni lingine kabisa. Nilimtumia kwa basi, boksi likakaa juani stendi mchana kutwa. Picha alizonirudishia zilionyesha nta imelainika, imeinama upande mmoja, juu imetoa vijasho vya mafuta. “Mwalimu, mishumaa yako imeoga,” aliandika. Nilimrudishia pesa ya glasi nne. Sasa ya Kyela nageuza: parafini sita, soya nne, na harufu naishusha mpaka asilimia 6 isije ikatoka jasho. Tangu hapo hajalalamika, ila boksi anapokea mwenyewe asubuhi.

Alama zangu kwa mshumaa wa harufu wa kwenye glasi, Uyole, mwezi wa saba: parafini tupu sita kwa kumi, soya tupu saba, nta ya nyuki tatu kwa kazi hiyo na kumi kwa kazi yake, mchanganyiko wangu nane na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya Kyela. Mishumaa ya dukani haina alama, ila inanikumbusha sendofu.

Mwamuzi mkuu alikuja wiki iliyopita kutoka Tukuyu, shangazi yule yule wa kushika kiuno. Nilikuwa nimewasha glasi tatu vyumba tofauti, nikamwambia azunguke.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Mbona nyumba inanuka saluni?” Hiyo ilikuwa parafini ya jasmini, na alikuwa bado hajavua viatu.

Kwenye soya tupu alikaa kimya, akanusa, akaniuliza kama nimeiwasha kweli. Kwenye nta ya nyuki, ambayo niliiweka chumbani kwake bila kumwambia, alikaa muda mrefu. Nilimkuta ameketi kitandani anautazama moto. Akasema inanuka kama kanisani zamani, kabla hawajaanza kununua mishumaa ya pakiti.

Siku ya kuondoka nikamfungia glasi mbili za mchanganyiko, mchaichai, kazi yangu bora kuliko zote, hakuna ukungu, hakuna bonde, utambi umesimama katikati kama askari. Alizipokea kwa mikono miwili, akazigeuza, akazinusa, akazirudisha mezani. Kisha akachukua ule mshumaa wa nta ya nyuki uliobaki nusu, akauzungushia gazeti, akautia kwenye kapu chini ya ndizi.

“Ndaga fijo, mwanangu,” akanishukuru kwa Kinyakyusa. “Mchaichai mimi nanywa.”